Shangazi Yangu na Baiskeli za Hospitali

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ni mtafiti, na kwa miaka mingi katika utafiti alikuwa na imani moja tu: namba. Ofisini walimwita Mama Takwimu. Ukimwambia "watu wengi wanasema", atakuuliza, "Wengi ni wangapi?" Mumewe, mwalimu mstaafu ambaye ukoo mzima tunamwita Mwalimu, hupenda kusema kwamba siku alipokwenda kumposa alihojiwa kwanza, jibu likaja baadaye.

Mimi naishi nao. Ni msusi, na saluni yangu iko chumba cha mbele cha nyumba yao. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yaliyobaki nimeyasikia kutoka kwa Mpishi na Dobi, wanawake wawili utakaowajua sasa hivi. Nywele zao nazisuka mimi, na mtu akishainamisha kichwa mapajani mwa msusi, hana siri tena.

Taasisi anayofanyia kazi shangazi huchunguza namna watu wanavyobadili mazoea yanayoharibu mazingira: kuchoma taka, kupoteza maji, kutia moshi hewani. Wanachokitafuta ni badiliko linalodumu, si la siku ya uzinduzi. "Kumwanzisha mtu ni rahisi," shangazi alikuwa akisema. "Kazi ipo katika kumfanya asirudi alikotoka."

Basi hospitali kubwa ya mjini ilikuwa na shida. Wodi ya watoto wenye maradhi ya kifua iko karibu na lango, na pale langoni asubuhi na jioni pikipiki za abiria na magari hujazana yakinguruma, moshi wote unapenya wodini hata madirisha yakifungwa. Wengi wa abiria hao ni wafanyakazi wa hospitali wenyewe. Mganga Mkuu akatafuta msaada, zikaletwa baiskeli mpya, na kila mfanyakazi anayeishi jirani akapewa yake. Wanaume walizichukua wakaziendesha. Wanawake walizichukua, wakashukuru, wakapigwa picha nazo, na haukupita muda zao zikawa zimepangwa bandani, buibui wametanda kwenye spoku. Wenyewe wamerudi kwenye pikipiki zao.

Shangazi akatumwa aulize kwa nini.

Aliingia kwa kishindo kama kawaida yake. Alitengeneza hojaji, akakaa na wauguzi, wapishi, wafagizi, madobi, mmoja mmoja. Majibu yalikuja mazuri, yamenyooka. Jua kali. Mvua. Barabara giza. Pa kubadilishia nguo hakuna. Akachora chati zake, akapendekeza, na hospitali ikatekeleza: makoti ya mvua yakanunuliwa, taa zikafungwa, chumba cha kubadilishia nguo kikapigwa rangi. Makoti yakawa yanaonekana sokoni yakiwakinga wenyewe wakinunua vitunguu. Baiskeli hazikusogea hata shubiri.

"Wananidanganya," shangazi alituambia tukiwa mezani. "Lakini wananidanganya kwa adabu, tena wote uongo wa aina moja. Watu hawakubaliani uongo bila kuwa na jambo."

"Labda hawakuamini," Mwalimu akasema.

"Waniamini kwa lipi? Ninauliza kuhusu baiskeli, siwaulizi umri!"

Mganga Mkuu alianza kuchoka. Akasema kama wanawake hawazitaki, zipelekwe mahali zitakapotumika. Mkurugenzi wa taasisi, mtu mpole, mdogo kwa shangazi kiumri, akamwomba arudi mara moja tu, azungumze na yeyote aliyebaki, kisha wafunge jalada.

Aliyebaki alikuwa Mpishi.

Jiko la hospitali ni jumba la mvuke. Sufuria zake mtu anaweza kuoga ndani, na Mpishi mwenyewe ni mwanamke wa kimo na wa kiwiliwili, sauti yake inafika wodini kabla ya chakula. Alikuwa amekwepa mahojiano tangu mwanzo. Siku hiyo alimkaribisha shangazi, akampa kiti, akaendelea kukoroga huku akijibu. Kwa nini huendeshi baiskeli? Jua. Kuna lingine? Jua tu. Jioni je, jua likishatua? Mpishi akaacha kukoroga, akamgeukia.

"Dada mtafiti, na mimi nina swali. Wewe unaendesha?"

Shangazi anasema alifungua mdomo atoe jibu, na jibu likakataa. Mwishowe akajisikia akisema, kwa sauti ya heshima kabisa, "Ninakoishi ni mbali kidogo, na unajua tena, jua hili."

Mpishi hakucheka. Alimtazama tu, akarudia kukoroga, akasema, "Ehee. Basi andika hivyo hivyo."

Jioni hiyo shangazi hakugusa chakula. Alikaa mkabala na Mwalimu, mikono mapajani, mwisho akatoa dukuduku lake. Alipokuwa msichana alijaribu kupanda baiskeli ya kaka yake barabarani, mbele ya nyumba zote. Akaanguka, gauni likamfunika kichwa, na mtaa mzima ukacheka. Kuanzia hapo wakamwita Gunia. Jina lilimfuata mpaka alipohama kwenda kusoma, na tangu hapo hakuwahi kushika usukani wa baiskeli.

"Miaka yote tumeoana hukuniambia," Mwalimu akasema polepole.

"Sikujiambia hata mwenyewe. Leo mama wa watu kaniuliza swali dogo, nikatamani ardhi ipasuke. Na nikamjibu jua!" Akapiga meza kwa kiganja. "Mnaelewa? Nimejibu jua! Jibu lile lile walilonipa wao! Nimezunguka hospitali nzima nikiwauliza habari za hali ya hewa, kumbe kinachowazuia kiko humu." Akajigusa kifua.

Kesho yake alirudi jikoni bila hojaji. Alisimama mlangoni, akasema mbele ya wapishi wote, "Shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo. Jana nilisema uongo. Siendeshi baiskeli kwa sababu sijui, na sijui kwa sababu naogopa, na ninachoogopa ni kuchekwa."

Mpishi akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akaenda kufunga mlango.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Sasa umelala. Kaa nikwambie."

Akamwambia. Siku aliyopewa baiskeli alitoka nayo kwa furaha, maana kuendesha kidogo alijua. Alipofika kituo cha pikipiki nje ya lango, madereva walianza. Mmoja akapaza sauti kwamba tairi linaomba msaada. Mwingine akauliza hiyo baiskeli imekosa nini jamani hata ipewe adhabu hiyo. Kituo kizima kikaangua kicheko. Mpishi, ambaye ulimi wake unaogopwa na madaktari, alikosa neno. Alishuka, akaikokota baiskeli mpaka nyumbani kwa njia za uchochoroni, akalia bafuni wanawe wasimsikie.

"Ningekwambia hayo nikikuona una kalamu?" akauliza. "Ungeyaweka kwenye kisanduku gani?"

Baada ya Mpishi wengine wakafunguka, na hapo ndipo shangazi alipoona kwamba hofu hazikuwa za namna moja. Muuguzi wa wodi ya majeruhi hakuogopa kuchekwa hata kidogo. Yeye ndiye anayewapokea waliogongwa, na kila akishika usukani huona sura zao. Mfagizi mmoja alikuwa na hasira tu: aliomba kuongezewa glavu akapewa baiskeli. Dobi, mwanamke mkimya anayeshinda kati ya mashine za kufulia na milima ya mashuka, alikataa kusema mbele za watu. Alimngoja shangazi koridoni.

"Mimi naijua sana baiskeli," alisema. "Baba yangu alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli. Mimi ndiye niliyemsaidia alipoanza kuumwa mgongo. Nilikuwa napita mitaa yote alfajiri na kreti nyuma. Watoto wenzangu waliniona kila siku. Nikaapa nikipata kazi yangu, sitapanda tena. Nikipanda leo watasema, mtoto wa muuza mikate karudi kwenye baiskeli yake."

Shangazi alimwahidi kwamba wenzake hawatalisikia hilo kutoka kwake, akarudi ofisini na haya yote kichwani, akamweleza Mkurugenzi. Hapo walivutana.

"Mama, nakuheshimu," Mkurugenzi alisema, "lakini umeingia mwenyewe ndani ya utafiti. Umewaambia hofu yako, nao wakakupa zao. Nitajuaje kwamba hukuwatia maneno mdomoni?"

"Swali zuri. Na mimi nakuuliza: nilipokuwa nje nilipata nini? Nilipata chati za jua."

"Hisia si ushahidi."

"Hofu yangu si ushahidi, nakubali. Lakini ndiyo iliyonionyesha pa kuchimba. Ningeificha ningeendelea kuchimba kwingine mpaka nistaafu."

Mkurugenzi si mtu wa kushindana kwa ajili ya kushindana. Alitembea mpaka dirishani akarudi, akasema, "Basi tufanye hivi. Wewe endelea nao, na usijifiche. Andika unachokihisi kila unapotoka huko, ukiweke kando na wanachosema wao, ili msomaji ajue kipi chako na kipi chao. Na kuhesabu nani anaendesha na nani haendeshi, nitampa mtu mwingine asiyekujua wala asiyewajua."

Shangazi akampa mkono. Baadaye alituambia kwamba yale masharti ndiyo yaliyouokoa utafiti wake, na hakuna aliyemsaidia kama yule aliyembishia.

Ikabaki swali la nini kifanyike. Shangazi hakuwaletea pendekezo, aliwauliza. Mpishi alisema wanahitaji mahali ambapo mtu anaweza kuanguka bila mashahidi. Muuguzi akasema yeye hatoki barabarani peke yake, watoke wengi. Mahali palipatikana: ua wa nyuma ya chumba cha kufulia, penye kuta ndefu na mashuka yaliyoanikwa kamba hadi kamba, jicho la mtu wa nje halipenyi. Mtu wa kuwafundisha ndiye aliyekosekana.

Shangazi hakumtaja mtu. Ahadi ya koridoni ilikuwa ahadi. Wanawake walikusanyika uani Jumamosi mchana, wakazitazama baiskeli kama ng'ombe wakali, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Shangazi akajitosa. Alipanda, akasukuma, usukani ukaenda kulia yeye akaenda kushoto, akatua juu ya kapu la foronya.

Kicheko kikamtoka yeye mwenyewe, kicheko ambacho, anasema, alikuwa amekikalia tangu usichana. Wote wakavunjika mbavu. Na katikati ya vicheko hivyo Dobi akatoka mlangoni mwa chumba cha kufulia, amepandisha mikono ya blauzi.

"Nani kawaambia mwanzie juu?" alisema. "Spana iko wapi?"

Akafungua pedali zote. Akateremsha viti mpaka nyayo za kila mtu zikakanyaga chini. "Leo hakuna kuendesha. Leo mnatembea mmekaa. Sukumeni kwa miguu, tazameni mbele, msitazame tairi. Tairi linajua lilipo." Kisha, kama vile si kitu, akapanda ya kwake, akazunguka ua mzima akipita kati ya mashuka bila kuligusa hata moja, mkono mmoja kiunoni.

"Wee!" Mpishi alipiga yowe. "Umejifunzia wapi haya, mwenzetu?"

"Kwa baba yangu," Dobi akajibu. "Alikuwa muuza mikate. Hakuna aliyempita mji huu kwa kuendesha."

"Basi leo na sisi tumekuwa watoto wake," Mpishi akasema. "Tufundishe."

Dobi aligeuka haraka akajitia anakaza nati. Lakini kuanzia siku hiyo alitembea tofauti pale hospitalini, kichwa juu, na mtu akimuuliza habari za baiskeli anaanza na "baba yangu alikuwa akisema".

Nilikwenda kuwatazama wiki zilizofuata, nikiwa na chupa ya chai na maneno ya kuwatia moyo. Niliona pedali zikirudishwa moja baada ya nyingine. Niliona muuguzi akijifunza kugeuza shingo kutazama nyuma bila kuyumba, Dobi akimpita kwa karibu mara kwa mara na kupiga honi kwa mdomo mpaka roho ilipozoea. Mfagizi alipata glavu zake, maana shangazi alilipeleka suala hilo kwa Mganga Mkuu, na siku iliyofuata akaja uani bila kuitwa. Na niliona shangazi yangu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akinyanyua miguu kutoka ardhini na kukaa hewani. Alizunguka nusu ua, akazunguka ua wote, akashindwa kusimama kwa sababu ya furaha, ikabidi Mpishi amdake kama mzigo unaoshushwa garini.

"Naendesha!" alikuwa akipiga kelele. "Mwanangu, unaniona? Naendesha!"

"Nakuona, shangazi! Kamata breki!"

Ikaja asubuhi ya kutoka. Walikubaliana wakutane nyumbani kwa Mpishi, waingie hospitalini kwa pamoja, na njia ilikuwa moja tu, ile inayopita kituo cha pikipiki. Mimi nilitangulia nikasimama ng'ambo, moyo unanidunda kana kwamba ninakwenda kufanya mtihani. Nikawaona wakikunja kona: Dobi mbele, ameketi wima kama askari wa gwaride, muuguzi nyuma yake, kisha mfagizi na shangazi na wengine, na nyuma kabisa, mahali alipopachagua mwenyewe, Mpishi, amevaa aproni iliyofuliwa ikawa nyeupe pe.

Madereva wakainuka. Dereva mmoja akapanua kifua, akaita, "Haya wazee wa kazi, tazameni! Tairi la leo litapasuka!"

Mpishi hakupunguza mwendo, aliongeza. Alipomfikia alikaza breki, akasimama pua kwa pua naye, mguu mmoja chini.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ile inayofika wodini, "mama yako alilazwa wodi ya pili mwaka jana. Uji aliokuwa akiusifia, nani alikuwa akimpikia? Ni mimi na tairi hili. Sasa sogea, wagonjwa wanangoja chai."

Kituo kizima kililipuka kwa kicheko, na safari hii mchekwa hakuwa Mpishi. Yule kijana alijikuna kisogo, akatabasamu kwa aibu, akavuta pikipiki yake pembeni. "Shikamoo mama," akasema. "Pita tu."

"Marahaba. Na uzime hiyo injini, kuna watoto humo ndani."

Akaizima. Mmoja mmoja, wenzake nao wakazima. Kwa kitambo kidogo pale langoni kukawa kimya, zikasikika kengele za baiskeli tu, na mlinzi akafungua milango yote miwili ya lango kama vile anaingia waziri. Nililia bila aibu. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akaniuliza nina nini, nikamwambia, "Yule mwenye miwani ni shangazi yangu."

Hawakuacha. Hilo ndilo lililokuwa swali la utafiti, na ndilo jibu lake. Yule mhesabuji asiyemjua mtu alikuja mvua zilipoanza, akaja zilipokwisha, akaja tena mwaka ulipopinduka, na kila akija anakuta wanawake wanaendesha, wengine wapya hata hawakuwamo mwanzoni, wamefundishwa na Dobi. Mganga Mkuu alifungua madirisha ya wodi ya watoto upande wa lango, yaliyokuwa yamefungwa siku zote kwa ajili ya moshi.

Mkutano mkubwa wa watafiti ulipofanyika, taasisi ilimtuma shangazi kuwasilisha. Nilimsuka mimi kwa ajili ya siku hiyo, na Mwalimu na mimi tulikaa safu ya nyuma. Alionyesha namba, na zilikuwa nzuri. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kudhani Mama Takwimu angekisema mbele ya watu.

"Namba hizi zinawaambia nini kilitokea. Haziwaambii kwa nini. Wanawake hawa hawakukosa elimu ya mazingira. Wanajua kuliko sisi kwamba moshi unaua, wao ndio wanaofua mashuka yenye makohozi. Walikuwa na hofu, aibu, hasira, na mmoja alikuwa na upendo wa baba ulioficha uso. Sikuweza kuyaona hayo mpaka nilipokubali kwamba na mimi ninayo. Nilifundishwa kuviacha vitu hivyo nje ya mlango wa utafiti. Nawaombeni mviingize ndani, mviweke mezani penye mwanga, mvichunguze kama mnavyochunguza kingine chochote."

Mzee mmoja profesa alisimama kuuliza, nikakaza meno. "Na wewe mwenyewe," aliuliza, "bado unaogopa?"

"Kila asubuhi, kidogo," shangazi akajibu. "Halafu napanda."

Ukumbi ulisimama. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na wa mwisho kuacha.

Mwezi uliopita hospitali iliwapa akina Mpishi mapumziko, wakakata shauri pamoja na shangazi kwenda kuliona bwawa lililo nje ya mji, matembezi tu, bila hojaji na bila mtu wa kuwahesabu. Mwalimu alifunga kapu la vyakula nyuma ya kiti cha mkewe. Na mimi nilikwenda, maana Dobi alikuwa amenifikia kwenye orodha ya wanafunzi wake, nikawa wa mwisho kwenye msururu, pumzi juu juu. Mlima wa mwisho ulinishinda, nikashuka nikaanza kukokota. Wao walikuwa wameshafika kileleni wamesimama, maji yanameta mbele yao.

"Pole pole, mwanangu," shangazi alinipigia kelele kutoka juu, "hakuna anayekucheka!"

"Mimi nacheka!" Mpishi akadakia, na wote wakaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza, huku nikiendelea kupanda.